Somo Katika Uwakala: Kumchagua Dalali wa Kuuza Nyumba

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mngu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu, mtu akitaka kuuza mbuzi humwongoza mwenyewe mpaka mnadani, akashika kamba kwa mkono wake na akataja bei kwa ulimi wake. Nyumba, ambayo kwa wengi wetu ndiyo mali kubwa kuliko zote tulizonazo, na mara nyingi ni mali ya watu wengi pamoja, twaiuza kwa ulimi wa mtu mwengine. Twampa dalali ufunguo, twamwambia atutazamie mtu, kisha twaenda zetu. Hatumwulizi ujira wake ni kiasi gani, wala hatumwekei mpaka, wala hatujui atamwambia nini mnunuzi. Na ukiuliza kwa nini alichaguliwa huyu, utaambiwa kuwa ndiye aliyekuja kwanza, au ni jamaa ya fulani, au ndiye aliyetaja bei kubwa kuliko wenziwe.

Magomvi ya udalali niletewayo, mengi yake yana mzizi mmoja: siku ya kwanza ujira haukutajwa. Kwa ajili hiyo nimeona yafaa kuwakusanyia maneno machache juu ya jambo hili kwa mujibu wa madhhabi ya Imamu Shafi, Mwenyezi Mngu amrehemu.

Dalali ni nani katika sharia

Jueni ya kuwa dalali akipewa idhini ya kuuza huwa ni wakili, na wakili hukaa mahali pa mwenye mali. Neno lake ni neno lako. Akimwambia mnunuzi kuwa boriti ni nzima, hali ya kuwa zimeliwa na mchwa na kupakwa chokaa juu yake, na wewe wajua na umenyamaza, basi uongo huo umeingia katika thamani utakayoila. Na ikiwa hakupewa idhini ya kuuza, bali kazi yake ni kutafuta mnunuzi tu na kumleta kwako, huyo huingia katika mlango wa ju'ala, yaani mtu aliyeahidiwa ujira maalumu akitimiza kazi fulani. Asipoitimiza hapati kitu.

Kazi yenyewe ni halali. Imamu Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango mbali wa ujira wa udalali, akawataja humo Ibn Sirin na Ata na Ibrahim na Al-Hasan kuwa hawakuona ubaya ndani yake. Na Sahaba Qays bin Abi Gharaza asimulia kuwa wao katika zama za Mtume (S.A.W.) walikuwa wakiitwa masamasira, maana yake madalali. Mtume akawapitia, akawaita kwa jina lililo bora kuliko hilo, akawaita wafanya biashara. Kisha akawaonya kuwa kuuza na kununua huingiliwa na maneno ya upuuzi na viapo, basi waichanganye kazi yao na sadaka. Hadithi hii imo katika Abu Daud na Tirmidhi na wengineo. Hakuwakataza kazi yao, wala hakuwaficha ugonjwa wake.

Ugonjwa huo Imamu Ghazali ameueleza vizuri katika Ihya. Ataja kuwa Qatada aliuchukia ujira wa dalali, kisha aona kuwa huenda sababu yake ni kwamba dalali ni shida kusalimika na uongo na kuisifu bidhaa kupita kiasi, na kwamba ujira wake kwa desturi hautazamwi kwa taabu aliyoipata, bali kwa thamani ya kitu kilichouzwa. Na Imamu Nawawi katika Minhaj, katika mlango wa ijara, ameandika kuwa haisihi kumwajiri dalali kwa neno moja lisilo na taabu, ijapokuwa neno hilo ndilo lililoiuza bidhaa. Ningependa wenzetu ambao kazi yao yote ni kuinua simu mara moja, kisha wakadai laki tatu, wausome mlango huo.

Sifa mbili za kutafuta

Katika Suratul Qasas, binti wa yule mzee wa Madyan alipomwambia babake amwajiri Nabii Musa, alitaja sifa mbili za mtu bora wa kuajiriwa: awe na nguvu na awe mwaminifu. Wafasiri wameeleza kuwa nguvu ya kila kazi ni kwa namna yake. Nguvu ya mchunga ni mwili wake, na nguvu ya wakili wa biashara ni ujuzi wake. Basi tafuteni zote mbili. Mwaminifu asiyejua kitu atakupotezea mali yako huku akilia pamoja nawe, na mjuzi asiye mwaminifu ataipeleka mali yako mahali anapopajua yeye.

Twende kwanza katika uaminifu, kwani ndio unaotushinda kuupima. Imepokewa kuwa mtu mmoja alimshuhudilia mwenziwe mbele ya Sayyidna Umar (R.A.). Umar akamwuliza kama ni jirani yake ajuaye kuingia kwake na kutoka kwake, akasema siye. Akamwuliza kama amesafiri naye. Akasema hakusafiri naye. Akamwuliza kama amepata kufanya naye muamala wa dinari na dirhamu, akasema hapana. Umar akamwambia kuwa huenda amemwona msikitini tu, akiinamisha na kuinua kichwa, akamjibu ndiyo; basi Umar akasema kuwa hamjui mtu huyo.

Na sisi twafanya vivyo hivyo. Twamwona mtu katika safu ya kwanza, ana tasbihi na kanzu nyeupe, twampa nyumba ya marehemu baba yetu. Sala yake ni baina yake na Mola wake, nasi twamdhania kheri. Lakini kabla ya kumpa ufunguo, nenda kawaulize watu watatu waliouza nyumba kwa mkono wake. Usiwaulize kama ni mtu mwema, kwani wataona haya kukujibu. Waulize hivi: Bei aliyokwambia wewe, na bei aliyoitoa mnunuzi kwa mkono wake, zilikuwa sawa? Je, umepata kumwuliza mnunuzi mwenyewe? Akisema hakuwahi kuonana na mnunuzi, kwa kuwa dalali aliwaweka mbalimbali mpaka mwisho, hiyo ni alama. Iandike moyoni, uendelee na wa pili.

Na alama nyengine ni hii. Ukiwaita madalali watatu kuitazama nyumba yako, mmoja akasema yauzika milioni saba, wa pili akasema saba na nusu, wa tatu akasema kumi na mbili bila hata kupanda darini, nafsi yako itampenda huyo wa tatu. Yeye ajua hivyo. Hakutaja kumi na mbili kwa kuwa anaye mnunuzi. Aitaja ili umpe yeye nyumba na uwakatae wenziwe. Miezi minne itapita, tangazo limekwisha kuzunguka katika simu za mji mzima, watu waanza kuuliza nyumba hii ina kasoro gani hata haiuziki; hapo atakuja na uso wa huzuni akwambie kuwa soko limeharibika, na kwamba yuko mtu wa milioni sita. Nawe umechoka, utakubali. Dawa yake ni kuijua thamani ya mfano wake, yaani bei ya nyumba iliyo mfano wa nyumba yako katika mtaa huo huo, kabla ya kumwita dalali yeyote. Waulize waliouza karibuni. Na ukiweza kumlipa mthamini asiyetaka kazi ya kuiuza nyumba yenyewe, mlipe, kwani mtu asiyengoja fungu katika mauzo hana haja ya kukufurahisha.

Amma sifa ya pili, ndiyo ujuzi. Pwani yetu ina mambo yake. Katika Majengo na mitaa mingine ya Mombasa ziko nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba hana kiwanja. Ameijenga juu ya ardhi ya mwengine, naye amlipa mwenye ardhi kodi yake. Kuuza jengo bila ya ardhi yasihi, lakini yapasa mnunuzi ajue anunuacho. Dalali anayemwonyesha mtu kuta na mlango, akanyamaza juu ya ardhi, amemghushi. Ziko tena hati za zamani zilizotolewa kwa sheria ya mwaka 1908 ya kuthibitisha milki za pwani, zimekaa katika sanduku la bibi na jina lililoandikwa humo ni la mtu aliyekufa kabla ya wajukuu kuzaliwa. Dalali mwenye ujuzi atakwambia nenda kwanza kwa kadhi ukatolewe warithi, na nenda ofisi ya ardhi ukatazame daftari lasemaje; dalali mjinga ataleta mnunuzi kwanza, fedha zitapokewa, kisha itadhihiri kuwa nusu ya nyumba ni ya ami yenu aliyeko Maskati. Na iko nyumba ambayo haiuziki kabisa kwa kuwa ni wakfu. Dalali akikwambia ataisahilisha, mwache na ukimbie.

Na wanaouza nyumba za mawe za Lamu, mji ambao UNESCO iliuandika mwaka 2001 katika urithi wa ulimwengu, wao huletewa wanunuzi kutoka Ulaya. Wajue ya kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haimruhusu asiyekuwa raia kumiliki ardhi ila kwa ukodishi usiozidi miaka 99. Dalali anayemwahidi mgeni milki ya daima ama hajui, ama ajua na adanganya, na katika hali zote mbili ugomvi utakuja mlangoni kwako. Kadhalika sheria ya Kenya ya mwaka 1984 yataka afanyaye kazi ya udalali wa nyumba na ardhi awe ameandikishwa katika bodi iliyowekwa kwa kazi hiyo. Wengi wa hawa wa vibarazani hawakuandikishwa. Kuandikishwa hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu, lakini aliyeandikishwa ana mahali pa kushitakiwa.

Ujira, na habari ya cha juu

Hapa ndipo penye uzito, na nawaomba mnisikilize.

Desturi iliyoenea ni kuwa mwenye nyumba husema, "Mimi nataka milioni nane zangu mkononi," na dalali hujibu, "Inshallah." Halafu dalali huenda kwa mnunuzi akamwambia milioni nane na laki nane. Mnunuzi alipa, mwenye nyumba apokea nane zake, na laki nane zabaki kwa dalali. Hiyo ndiyo iitwayo cha juu. Wote wawili waondoka wakimshukuru, kwani hakuna ajuaye alichopewa mwenziwe.

Najua yako maneno ya wanavyuoni katika mlango huu. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), na kutoka kwa Ibn Sirin, kuwa hawakuona ubaya mtu kumwambia mwenziwe amwuzie kitu kwa kiasi fulani na kinachozidi kiwe chake; na kauli hiyo imechukuliwa katika madhhabi ya Imamu Ahmad. Lakini katika madhhabi yetu, na kwa wanavyuoni wengi, ujira wa namna hiyo haujulikani: huenda ukawa laki nane, huenda ukawa si chochote. Kwa hiyo ahadi yafisidika, thamani yote ni ya mwenye mali, na dalali hustahiki ujira wa mfano wake, maana yake ujira wapewao watu wafanyao kazi kama ile, bila ya kuzidi. Na hata hao walioruhusu, wameruhusu kwa mwenye mali aliyesema kwa ulimi wake kuwa kinachozidi ni chako. Kumficha mwenye mali bei ya mali yake hakuna mwanachuoni aliyeruhusu. Wakili akiuza kwa nane na laki nane, basi nane na laki nane ni za aliyemweka. Akizuia laki nane kwa siri amechukua mali ya mtu bila ya haki.

Tuchukue mfano ili mwone cha juu hutoka mfukoni mwa nani. Mtu amekufa akaacha mke, na wana watatu wa kiume, na binti mmoja. Mas'ala yake ni rahisi, hata watoto wa chuoni waweza kuigawa: mke ana thumuni, na saba zilizobaki kila mwana ana mbili na binti ana moja, jumla mafungu manane. Nyumba imeuzwa kwa shilingi 8,800,000, na warithi wameambiwa 8,000,000. Zile 800,000 zilizofichwa ni za mafungu manane, kila fungu 100,000. Kwa hiyo mjane aliyetoka edani jana ameibiwa 100,000. Binti, na labda hajabaleghe, ameibiwa 100,000. Kila mwana ameibiwa 200,000. Na mali ya yatima mwajua Mwenyezi Mngu amesema nini juu ya mwenye kuila. Na yule kaka mkubwa aliyemchagua dalali bila ya kuuliza ujira, atawaambia nini dada yake na mama yake?

Na maadamu tumemtaja yatima, jueni ya kuwa katika madhhabi yetu walii haruhusiwi kuuza nyumba ya yatima ila kwa haja, kama chakula na nguo zake zikikosekana, au kwa faida iliyo dhahiri, kama mtu kutoa bei inayozidi thamani ya mfano wake. Haraka ya dalali si haja, wala haraka ya kaka anayetaka fungu lake anunue gari. Na mshirika katika nyumba akiuza fungu lake kwa mtu wa nje, mwenziwe ana haki ya shufaa. Kwetu shufaa ni ya mshirika, si ya jirani. Mahanafi humpa na jirani. Dalali mzuri humwuliza mshirika kwanza.

Basi njia ya kusalimika ni nyepesi. Sema na dalali maneno kama haya, na yaandikwe: "Ukiniletea mnunuzi akainunua nyumba yangu hii kwa shilingi 8,000,000 au zaidi, ujira wako ni shilingi 200,000, na yote atakayotoa mnunuzi ni ya wenye nyumba." Ikiwa wataka ajitahidi kupandisha bei, mwongezee ujira maalumu bei ikifika kiwango maalumu, hapana ubaya, maadamu kila kitu kimetajwa. Wengi leo hutaja ujira kwa mafungu ya mia. Bei ikiwa imekwisha kujulikana hapana neno, kwani tatu katika mia ya milioni nane ni 240,000, na kila mtu aweza kuhesabu. Bei ikiwa haijulikani bado, ujira nao haujulikani. Wako wanavyuoni wa zama hizi walioruhusu kwa kuwa desturi hiyo kwa kawaida haileti magomvi, nami simkatazi aliyewafuata. Lakini mwenye kutaka kutoka katika khilafu ataje kiasi.

Na dalali kuchukua ujira kwa muuzaji na kwa mnunuzi pia? Akiwa ni wakili wako wa kuuza, yeye ni wako. Haiwezekani awe ni wakili wa pande mbili katika mauzo moja. Akiwa ni mtu wa kati tu, mwenye nyumba na mnunuzi wakauziana wenyewe, na kila mmoja alimwahidi kitu maalumu na ajua alichoahidiwa na mwenziwe, hapana ubaya. Cha siri ndicho kibaya.

Mipaka ya wakili

Ukimwambia wakili, "Niuzie nyumba hii," usiongeze neno, katika madhhabi yetu hana ruhusa ya kuuza kwa fedha isiyokuwa fedha ya mji, wala kwa mkopo, wala kwa hasara kubwa isiyovumiliwa na watu kwa desturi. Kwa hiyo wale wanaouza kwa dola au yuro, na wale wanaokubali nusu leo na nusu baada ya mwaka, hawana ruhusa hiyo mpaka waipate kwa mwenye mali kwa maneno. Ukimtajia bei, hauzi chini yake hata kwa shilingi moja. Akitokea atakaye kwa zaidi, haruhusiwi kumwacha akamwuzia rafiki yake kwa thamani ya mfano. Wala hajiuzii nafsi yake, wala mwanawe mdogo, hata ukimpa idhini. Basi dalali anayemsimamisha shemeji yake awe mnunuzi wa jina, kisha baada ya miezi miwili nyumba ikawa yake, amefanya hila ambayo haimfai mbele ya Mola wake.

Wakili tena hamweki wakili mwengine bila ya idhini, maadamu kazi hiyo aiweza. Hili limesahauliwa kabisa. Umempa nyumba mtu mmoja wa Mji wa Kale. Yeye akampa mwenziwe wa Kisauni, naye akampa wa Likoni, na kila mmoja ameongeza chake juu ya bei. Mnunuzi huisikia nyumba ya milioni nane kwa milioni kumi, akageuka akaenda zake, nawe umekaa barazani wauliza kwa nini hawaji watu. Mwambie dalali wako waziwazi: nyumba hii nimekupa wewe, ukitaka msaidizi, umlipe katika ujira wako.

Mkono wa wakili ni mkono wa amana. Kitu kikiharibika pasipo kosa lake hadhamini. Akifanya kosa atadhamini, na katika makosa ni kumkabidhi mnunuzi nyumba kabla ya kupokea thamani. Bora ni kutomwachia kabisa kupokea fedha. Mwenye nyumba apokee mwenyewe, mbele ya mashahidi, au ziingie katika hesabu yake benki, na ikiwa nyumba ni ya warithi basi kila mwenye fungu aione khati iliyoandikwa bei kamili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo katika Suratul Baqara, imekuja kwa ajili ya kuandikiana na kushuhudisha. Na sheria ya Kenya nayo haisikilizi daawa ya mapatano ya kuuza ardhi ila yawe yameandikwa, yakatiwa saini na pande mbili na kushuhudiwa. Mtu atakayekuonea haya kuandika, kwa kuwa ninyi ni jamaa, mwambie kuwa ni kwa ajili ya ujamaa huo mwaandikiana.

Dhulma za wenye nyumba

Haitakuwa insafu kuwalaumu madalali peke yao. Wako wenye nyumba wanaoletewa mnunuzi na dalali, wakamwona, wakapatana naye bei kwa macho, kisha wakamwambia dalali, "Nimeghairi, siuzi tena." Usiku wauziana. Hii ni dhulma. Aliyefanya kazi kwa idhini yako akaitimiza, ujira wake ni haki yake. Na mwenye kazi akivunja ahadi baada ya mtu kuianza kazi, yampasa alipe ujira wa mfano wa kazi iliyokwisha fanywa. Katika Sahihi Bukhari imekuja habari ya watu watatu ambao Mwenyezi Mngu atakuwa khasimu yao siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyemwajiri mwenziwe, akaipata kazi yake yote, kisha asimlipe.

Lakini mtu uliyekuwa hukumpa idhini, akaja kwa hiari yake akakuletea mnunuzi, hana haki ya kudai kitu. Ukimpa ni ihsani yako. Na ukisema, "Yeyote atakayeniletea mnunuzi ana kadha," wakaja wawili pamoja na mtu mmoja, ujira ni mmoja nao watagawana.

Wako pia wanaomwagiza dalali alete wanunuzi wa uongo, waje nyumbani wakati mnunuzi wa kweli yupo, wamsikilizishe bei kubwa ili apande. Huo ni najsh ulioharimishwa katika Hadithi ya Ibn Umar iliyomo katika Bukhari na Muslim. Dhambi ni ya aliyepandisha, na ikiwa wewe ndiye uliyepanga, ni yako pia. Na kasoro ya nyumba, kama maji ya mvua yaingiayo chumba cha nyuma, au ukuta wa ushirika wenye daawa na jirani, mwambie dalali aitaje, kisha mwulize mnunuzi mwenyewe kama ameambiwa.

Suali: Mnunuzi ametoa arbuni ya shilingi 500,000, ikashurutishwa kuwa asipoendelea na ununuzi fedha hiyo haimrudii. Akashindwa kuendelea. Dalali asema nusu ni yake na nusu ni ya mwenye nyumba. Je, ni halali?

Jawabu: Katika madhhabi yetu mauzo ya arbuni kwa sharti hiyo ni batili, na Imamu Ahmad ameyaruhusu. Kwa kauli ya Shafi fedha hiyo ni ya mnunuzi, na arudishiwe yote. Ama arbuni itolewayo kuwa ni sehemu ya thamani, bila ya sharti ya kupotea, hiyo haina ubaya, na mauzo yasipotimia hurudi kwa mwenyewe. Na hata kwa kauli ya Imamu Ahmad, kitakachobaki ni cha mwenye nyumba. Dalali hana nusu wala robo, kwani kazi aliyoahidiwa ujira ni kuuzika kwa nyumba, na nyumba haikuuzika. Akiwa ameipokea na kuitumia, yampasa kuilipa. Wallahu aalam.